Chungu Hana Mnyapara: Vidokezo vya Milimani na Mwambaoni

Mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, blanketi la Mbinga lina uzito wa gunia la kahawa. Nje ukungu umeshika migomba, moshi wa jikoni haujui uelekee wapi, na wewe unajiambia: dakika tano tu. Nakuelewa. Nimekulia kwenye baridi hiyo, na dakika tano za namna hiyo nimezila nyingi.

Wazee wa Kiebrania waliotunga Mithali waliwajua watu wa dakika tano. Walikuwa na neno lao, atsel, yaani mvivu. Ukiipekua Biblia ya Kiebrania nzima utalikuta mara 14, na zote 14 zimo ndani ya Mithali. Ungetegemea adui wa mvivu awe mchapakazi, na mara kadhaa ndivyo ilivyo. Lakini katika sura ya 15, mstari wa 19, anayesimamishwa mbele ya mvivu ni yashar, maana yake aliyenyooka. Kiswahili kinamfuata Mwebrania unyayo kwa unyayo, maana mnyofu na nyooka ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa macho yao, basi, uvivu ulikuwa kupinda. Mtu anaweza kutoka jasho kutwa na bado akawa amepinda. Mwingine yuko chini ya mwembe na kumbe amenyooka. Hilo ndilo lililonifanya niandike vidokezo hivi, nikishuka navyo kutoka Umatengo, milima yetu ya Mbinga, hadi mchangani Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa.

1. Usingoje miiba iote

Mstari huo huo wa 15:19 unachora njia mbili. Ya mvivu imezibwa na ua wa miiba. Ya wanyofu imetengenezwa, na neno la Kiebrania linamaanisha barabara iliyoinuliwa kwa kifusi na mawe. Aliyewahi kushuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay kabla ya lami hahitaji kufafanuliwa. Kilomita sitini na kitu zilikuwa safari ya kuaga nyumbani, na masika ndiyo usiseme. Leo unashuka ukisinzia.

Barabara haioti. Mtu alimwaga kifusi. Miiba ndiyo huota yenyewe, bila mbegu wala mbolea. Basi tafuta kile kimwiba kinachokuchoma kila siku: mpini wa jembe uliolegea, bati linalovuja juu ya gunia la mahindi, simu uliyoahidi kuipiga tangu Jumatatu. Kimoja tu, leo.

2. Fuata mvua, usifuate baridi

Mithali 20:4 inamcheka mvivu asiyelima kwa sababu ya baridi, kisha wakati wa mavuno anakwenda kutafuta asione kitu. Kwao Palestina kisingizio hicho kilikuwa na sura ya haki, kwa kuwa mvua za kulimia huja pamoja na baridi. Kwetu Mbinga hakisimami. Mvua inaanza mwezi wa kumi na moja na kutuaga mwezi wa nne au wa tano, na baridi kali inakuja mvua ikishaondoka. Hakuna Mmatengo aliyeshindwa kulima kwa sababu ya baridi. Aya yetu sisi ni ya 10:5, ile ya mwana anayelala wakati wa mavuno, kwa sababu baridi yetu inaangukia juu ya kahawa mbivu.

Ukitaka kuona kazi inayokwenda na majira, tazama ngoro, kilimo cha mashimo cha Wamatengo. Wazee wanasimulia kwamba babu zao walibanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, watu wengi wakijikuta kwenye miteremko mikali, na hapo ngoro ikawa mkombozi. Mwezi wa pili wanaume wanafyeka nyasi kwa nyengo na kuziacha zinyauke. Kisha zinalazwa kwa mistari inayokatana, shamba zima likawa kama wavu uliotandazwa mlimani, kila tundu lina upana wa kama mita moja na nusu. Wanawake wanaingia na majembe, wanachimba udongo katikati ya kila tundu na kuufukia juu ya nyasi. Panapobaki ni shimo lililozungukwa na tuta pande zote nne. Maharage yanapandwa juu ya tuta mwezi wa tatu. Mvua ikimwagika, maji yanaingia shimoni yanatulia. Nyasi zinaoza ndani ya tuta na kuwa mbolea. Mvua za mwisho wa mwaka zikirudi, mahindi yanapandwa kwenye matuta yale yale.

Sasa angalia uvivu unapokaa. Nyasi ulizofyeka leo huzilazi leo. Zinahitaji siku kadhaa kunyauka. Ukichelewa kufyeka wiki mbili, maharage yamechelewa wiki mbili, na mvua haikurudishii. Bibi yangu hakumwita mtu mvivu kwa kuamka saa mbili. Alimwita mvivu aliyekuwa bado amesimama wakati wenzake wanafukia.

Kuna jingine ambalo watu wa tambarare hawalijui. Ngoro zako zinalinda shamba la aliye chini yako. Ukiacha kuchimba, au ukichimba ovyo, maji yanashuka na udongo wako hadi kwenye maharage ya jirani. Mlimani uvivu hauishii kwa mwenye nao. Ndiyo maana Kiebrania kiliuweka kinyume na unyofu, nadhani, na wao pia walikuwa watu wa vilima na matuta ya mawe.

3. Mwendee chungu, lakini pitia kwanza kwa anayekudai

Hapa nitakaa kidogo.

Kila mtu anamjua chungu wa Mithali 6, yule asiye na mnyapara na bado anaweka akiba wakati wa kiangazi. Watafsiri wa Biblia ya Muungano, ile ya mwaka 1952, walipofika kwenye kiongozi ambaye chungu hana, walichagua neno akida. Hicho ni cheo kilichotembea sana enzi ya Mjerumani, na nadhani wasomaji wa kwanza walitabasamu: kumbe kuna kiumbe anayelima bila akida! (Usimchanganye na siafu, tafadhali. Siafu wetu hawaweki akiba ya msimu. Wanakula wanachokikuta na kusonga mbele. Ninao rafiki wawili wa namna hiyo.)

Ambalo wengi hawalisomi ni mistari mitano inayomtangulia chungu. Sura inaanza na mtu aliyejifunga kwa deni la dhamana. Anaambiwa akimbilie kwa aliyemfunga, ajinyenyekeze, asiyape macho yake usingizi, ajinasue kama paa mkononi mwa mwindaji. Ndipo mstari wa sita unageuka kwa mvivu na chungu, na wa tisa unamuuliza atalala hata lini. Mwenye deni asilale, mvivu amelala. Mtungaji hakubadilisha mada. Ni usingizi ule ule mmoja.

Mbinga tunao ugonjwa huo, na jina lake ni magoma. Januari na Februari, mahindi yamekwisha ghalani, ada ya shule inadaiwa, mbolea bado. Anakuja mtu mwenye fedha, mpole, anakupa kiasi, na mnaandikiana kwamba wakati wa mavuno utamlipa kwa kahawa, kwa bei ya leo ya njaa yako. Kahawa ikiiva, gunia linatoka shambani kwako moja kwa moja hadi kwake. Wewe unabaki na maganda. Viongozi wamepiga marufuku magoma mara nyingi na magoma yapo, kwa sababu yanafanyika usiku, na njaa haisomi matangazo.

Simwiti mvivu kila aliyeingia magoma. Mgonjwa hangoji mnada wa kahawa. Lakini wengine tuliingia kwa sababu Agosti tulikuwa na fedha na tukawa siafu. Kinga yake haina ufundi mkubwa. Fedha ya kahawa ikiingia, kabla hujanunua chochote kinachong'aa, nunua Januari. Yaani gunia la mahindi la Januari, ada ya Januari, mbolea. Gunia moja la maharage lilale ghalani hadi bei ipande. Kama una kikundi cha kuweka na kukopa, kopa huko, unakojulikana kwa jina la baba yako. Na kama tayari umefungwa, fanya kama aya inavyosema: nenda leo ukajadiliane, ukiwa na shahidi, kahawa ikiwa bado mbichi mtini.

4. Maliza

Mithali 12:27 inasema juu ya mwindaji mvivu ambaye, akishapata windo, halichomi. Kitenzi chenyewe cha kuchoma hakionekani kwingine katika Kiebrania cha Biblia, kwa hiyo wataalamu wanabishana. Watu wa Ziwa Nyasa hawana haja ya kubishana. Windo wanalo, ni usipa, dagaa wao.

Wavuvi wanatoka usiku na taa, wanarudi alfajiri, dagaa wanang'aa kama vijiko kwenye mtumbwi. Hapo kazi iko nusu. Nusu ya pili ni kuanika, na hapo ndipo utajiri wa mwambao unapopotelea. Njia rahisi ni kumwaga chini mchangani, jua lifanye kazi, wewe ukalale. Ukija kula unasikia kri-kri kati ya meno. Njia ya pili ni kichanja: miti, wavu uliokazwa, dagaa wakatandazwa juu, upepo ukapita chini na juu.

Nilimkuta mama mmoja Mbamba Bay anageuza dagaa wake kichanjani kwa kiganja, taratibu, kama anayepapasa mgongo wa mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona wenzako wanaanika chini, mama? Hamwuzi soko moja?"

"Wenzangu wanauza mchanga," alisema bila kuinua uso. "Mimi nauza dagaa."

Mvua ya ghafla ilipoanza kunukia ziwani, alikunjua turubai juu ya kichanja kwa mikono miwili na kazi ikaisha. Waliomwaga chini walikuwa wanakimbizana na mafagio.

Milimani ni hadithi ile ile kwa jina la kahawa. Mtu amepalilia mwaka mzima, amepogoa, amepiga dawa, halafu siku ya kuchuma anakwanyua tawi zima, nyekundu na kijani humo humo, kwa sababu mgongo umechoka. Au amechuma vizuri, lakini kahawa inalala kwenye ndoo hadi kesho kutwa bila kumenywa, inachacha, harufu yake inabaki ndani ya buni na hakuna kinu kitakachoitoa. Kahawa mbivu imenywe siku ile ile. Ichachushwe, ioshwe, ipande kichanjani, igeuzwe mara kwa mara, jua likiwa kali ifunikwe, na umande usiikute uchi. Kuanika huku kunachukua wiki moja hadi mbili. Bei inapatikana hapo.

5. Mchunguze simba wako

Mvivu wa Mithali ana kisingizio maarufu: kuna simba nje. Anakisema katika 22:13 na tena katika 26:13. Ukikisoma kwa Kiebrania utagundua kwamba mara ya pili kimenona. Mwanzoni simba ni mmoja, yuko nje. Baadaye anatumia maneno mawili tofauti ya simba, mmoja njiani, mwingine viwanjani. Uongo ukikaa unazaa.

Mwambaoni simba anaitwa mamba. Mamba wapo kweli, Mto Ruhuhu una sifa hiyo na wanaochota maji huko Lituhi wana kila haki ya kuogopa. Upepo wa mwera nao ni simba wa kweli: ukivuma, ziwa linasimama, na mvuvi anayebaki nchi kavu ana akili timamu. Mlimani simba wa kweli ni chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado changa. Lakini simba wa kweli unamfanyia kitu. Mwera unasikilizia utabiri wa hali ya hewa. Chulebuni unakwenda kuulizia miche inayostahimili. Watafiti wa kahawa wana kituo chao hapo hapo Mbinga, Ugano. Simba wa mvivu utamjua kwa alama moja: mwaka wa tano huu, hakuna aliyekwenda kumtazama.

6. Punguza kujibu

Mithali 26:16: mvivu anajiona ana hekima kuliko watu saba wanaojibu kwa busara. Kila kijiwe kinaye. Anajua bei ya kahawa ya dunia, anajua Simba na Yanga wamekosea wapi, shamba lake lina nyasi hadi kiunoni.

Wamatengo walikuwa na dawa ya huyu: sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja kwa babu, na juu ya chakula hicho mambo ya mashamba, ugomvi na malezi yakazungumzwa. Ni vigumu kuwa na hekima kuliko watu saba wakati saba hao wamekaa nawe kwenye chungu kimoja na wanajua ngoro zako ni ngapi. Mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Wajapani ulipofika Mbinga mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wa Kindimba walilichukua jina hilo hilo la sengu kwa kamati yao, na kamati ikasimamia ujenzi wa kinu cha kusaga kinachoendeshwa na maji. Watu saba wakisikilizana wanasaga unga.

7. Mkono mlegevu na mkono mdanganyifu ni mkono mmoja

Kiebrania kina neno remiya. Katika Mithali 10:4 ni mkono mlegevu unaoleta umaskini. Ukihamia Mika 6:12, neno hilo hilo ni udanganyifu wa ulimi. Kamusi zinagawana: hili fungu moja, lile fungu jingine. Mimi nimekaa sokoni Mbinga vya kutosha kujua kwamba Mwebrania hakukosea.

Chukua lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na mnunuzi anakuja na gunia lenye kilemba, limeshonewa kofia juu kama linakwenda harusini. Chukua kisado kilichogongwa kitako kikaingia ndani, cha kuuzia, na kingine kilichotanuliwa tumbo, cha kununulia. Mithali 20:10 inazungumzia jambo hilo hilo, mawe mawili tofauti, kwa kuwa mizani ya wakati ule ilikuwa na mawe. Mwenye visado viwili ni mvivu kwa sababu ameona njia ndefu ya faida akaikata.

Na sisi wakulima tusijipake mafuta. Maharage yenye mawe, kahawa isiyokauka inayopelekwa mizanini upesi kabla unyevu haujatoka, dagaa waliochanganywa na mchanga: huo ni uvivu unaouzwa kwa kilo.

Kidokezo chenyewe ni kifupi. Uwe na kisado kimoja.

8. Mithali 31 si ya kumsomea mkeo

Harusi nyingi za kwetu, iwe kwa Wakatoliki wa Litembo au Waanglikana wa Liuli, hazipiti bila sura hii. Bwana harusi anaitikia kwa kichwa, bibi harusi anaangalia sakafu, kwa sababu anajua orodha ile ni ya nani: kuamka usiku bado, kusokota, kununua shamba, kupanda mizabibu, kutokula chakula cha uvivu.

Mambo mawili hayasemwi. La kwanza, tunasema mke mwema, lakini neno la Kiebrania, chayil, ni nguvu na ushujaa; ndilo linalotumika kwa jeshi. La pili, sura inaanza kwa kutaja kwamba maneno ni ya mfalme Lemueli aliyofundishwa na mama yake, na mama huyo anaanza na mwanaye wa kiume: asimalizie nguvu zake kwa wanawake, asizame kwenye pombe, afumbue kinywa kumtetea asiye na sauti. Mke shujaa anakuja baadaye.

Sasa rudi kwenye ngoro. Mwanamume anafyeka, mwanamke anachimba. Kufyeka kunakwisha mapema. Saa nane mchana kilabu cha ulanzi kimejaa na mlima bado unasikika majembe. Kama unampenda Lemueli, shika jembe la pili. Hakuna aya inayokataza.

9. Lala

Ndiyo. Siku sita za kazi zilikuja na ya saba. Mbalamwezi ikiwa kamili, wavuvi wa usipa hawatoki, kwa kuwa taa haina kazi kwenye mwanga. Wanashona nyavu, wanacheza bao, wanakaa na watoto. Hakuna anayewaita wavivu. Usingizi ambao Mithali 19:15 inauogopa una jina lake, tardema, usingizi ule mzito ulioshushwa juu ya Adamu akatolewa ubavu bila kujua. Hiyo ndiyo tofauti. Ukiamka na ubavu wako upo, umepumzika.

10. Kabla hujamwita mtu mvivu, panda ukamwone

Mwenye cheo wa kwanza kuwaita watu wavivu katika Biblia ni Farao. Kutoka sura ya 5: Waisraeli wanaomba ruhusa wakaabudu, naye anajibu kwamba wamelegea, kisha anawanyima majani ya kufyatulia matofali na idadi haipungui. Wanaopigwa ni wasimamizi wao, wanaoitwa kwa neno shoter. Rudi kwa chungu sasa. Kimoja kati ya vyeo vitatu ambavyo chungu hana ni shoter. Aliyewahi kusimamiwa kwa fimbo alijua anachomsifia chungu.

Huku kwetu pia neno mvivu limetoka sana midomoni mwa wenye fimbo. Enzi za mkoloni, Mbinga ikiwa bado ndani ya wilaya ya Songea, vijana walisukumwa na kodi kwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga, na aliyetaka kubaki alime kwake akahesabiwa mlegevu. Baada ya uhuru nasi hatukuwa watakatifu: mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, na mitaani Dar es Salaam watu wakakusanywa kama wazururaji, wakiwemo waliokuwa wanatafuta kazi hiyo hiyo waliyoambiwa hawaitaki.

Kwa hiyo nisomapo Mithali 24:30, nina ugomvi mdogo na mtungaji. Anapita kando ya shamba la mvivu, anaona miiba, anaona ukuta wa mawe umebomoka, anajifunza, anaondoka. Hasemi kama alibisha hodi.

Mwaka mmoja shamba lililo juu ya letu halikuchimbwa. Tulimsema mwenyewe tangu Februari hadi Pasaka, kisimani, kanisani, kwenye ulanzi. Mvua ya mwisho wa mwezi wa tatu ikashusha udongo wake, ukafunika mistari minne ya maharage yetu. Ndipo baba akapanda na hasira zake kwenda kugonga mlango. Aliukuta umefungwa kwa kufuli. Mtu wetu alikuwa hospitalini wiki ya saba anamuuguza mkewe, na sisi majirani watu wazima watano, wenye majembe, tulikuwa tumemaliza ngoro zetu tangu tarehe kumi.

Februari ikifika, nyasi zikianza kulazwa, inua macho uangalie shamba la juu yako. Kama halijafyekwa, nenda kabla ya Jumapili, na nyengo uichukue kabisa.